Kosa la Aliyekosa Habari

"Nimekosa, mjomba." Mpwa wangu alisema hivyo jioni moja hapa Liparamba, akaisogeza kompyuta kwangu kana kwamba ameivunja. Alikuwa amenakili herufi kwa herufi kutoka kitabu changu cha zamani: print, kisha "Shikamoo" ndani ya alama za kunukuu. Mashine ikakataa, ikidai mabano.

Kitabu hakikudanganya. Kilifundisha lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, toleo la 2, ambalo halikudai mabano hapo. Python 3 ilitoka Desemba 2008 ikaibadili sheria hiyo, na toleo la 2 likaachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Je, aliyetii kitabu amekosa?

Kukosa ni kutenda visivyo. Kukosa pia ni kutokuwa na kitu. Binti huyu alikosa habari, akajihukumu kama aliyetenda ovu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha kwamba sheria haiwi sheria mpaka itangazwe kwa wale inaowafunga. Mtume Petro naye, kule Yafa, alipoambiwa katika maono achinje wanyama najisi ale, alikataa kwa sababu ya torati aliyolelewa nayo. Mimi simwiti mwasi. Habari mpya ndiyo kwanza ilikuwa inamfikia.

Mabano ni jambo dogo, kwa kuwa mashine yenyewe hupiga kelele. Kilichoninyima usingizi ni kugawanya. Kitabu kilisema 7/2 ni 3, kompyuta ikampa 3.5. Akafuta, akaandika tena, mara tatu, akiamini amekosea yeye. Nikamwuliza: mahindi debe 7, mkigawana wewe na mama yako, kila mmoja anapata ngapi?

"Tatu na nusu."

Basi katika kitabu ile nusu ilikwenda wapi? Toleo la zamani, likipewa namba nzima tupu, liliitupa kimya kimya. Leo anayetaka itupwe huandika mikwaju miwili. Mpwa wangu aliijua nusu debe tangu utotoni, akapima mahindi na bibi yake, lakini mbele ya maandishi akaikana. Hapo ndipo ninapoliona kosa, nalo si lake. Ni langu mimi niliyempa kitabu bila kumwambia ni cha toleo gani.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujamwekea mtoto alama ya kosa, mwulize anafuata toleo lipi. Na lile unalolifundisha, liandike juu kabisa ya ubao.