Zawadi Haidaiwi



Leo nataka tutafakari swali ambalo limeingia nyumbani kwetu hapa Tanga, na naamini lipo kwenye nyumba nyingine nyingi: ndugu yako akiumwa figo, na wewe unazo mbili nzima, je, ni dhambi kusema hapana?

Kwanza tulielewe jambo lenyewe. Figo zikishindwa kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa kama nne kila mara. Njia nyingine ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi na figo moja, ndiyo maana anaweza kutoa moja akiwa hai. Lakini si kutoa tu kama unavyochangia mchele wa msiba. Kundi la damu linaangaliwa, tishu zinalinganishwa, presha, sukari, moyo na figo zenyewe zinapimwa. Aliyepokea atakunywa dawa kila siku ili mwili wake usiikatae ile figo ngeni. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, huko Boston, Desemba 1954, ulikuwa kati ya mapacha wa kufanana, kwa kuwa kwao mwili haukuona ugeni. Daktari aliyeuongoza, Joseph Murray, alikuwa Mkatoliki.

Hapa kwetu wagonjwa walikuwa wakipelekwa India. Novemba 2017 Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza nchini, wakishirikiana na wataalamu kutoka India, na 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kwa hiyo hili si swali la Ulaya tena. Kutoka Tanga ni basi la asubuhi tu.

Sasa, hofu ya kwanza ninayoisikia mtaani ni hii: "Eti siku ya ufufuko utaamkaje na figo moja?" Jamani, tuwakumbuke Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo mwaka 1886. Je, kuna anayedhani Mungu atashindwa kuwafufua kwa sababu miili yao iligeuka majivu? Anayefufua majivu hatakwama kwenye figo.

Kanisa limeshasema wazi. Katekisimu, namba 2296, inasifu kutoa viungo baada ya kifo kama tendo la mshikamano, na inakataza kuvichukua bila ridhaa ya wazi, au kumuua au kumlemaza mtu ili kumwokoa mwingine. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa Injili ya Uhai wa 1995, aliliweka tendo hili kati ya matendo ya ushujaa wa kila siku. Na mwaka 2000, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji, alisisitiza kwamba kiungo hakiuzwi, na kwamba anayetoa lazima aelezwe vizuri na aamue kwa uhuru.

Hapo kwenye uhuru ndipo penye kazi.

Baba yangu mkubwa anasafishwa damu. Tulikaa kikao cha familia, Chumbageni, na haikuchukua muda macho yote yakamgeukia binamu yangu. Sababu? Hana mke, hana watoto, hana ajira. Mjomba mmoja akasema, "Huyu ndiye mwenye nafasi." Shangazi akauliza swali moja tu: "Na mwenyewe ameulizwa?" Kikao kikanyamaza. Binamu akaomba siku tatu. Ya tatu akasema, kwa heshima zote, kwamba anaogopa na hawezi. Tangu siku hiyo wapo wanaoitikia salamu yake kwa mkato.

Mimi nasema binamu hakutenda dhambi. Fikiria hivi: kama "hapana" yake ni kosa la kuadhibiwa, basi "ndiyo" yake ingekuwa malipo ya deni. Kitu kinachodaiwa, ukikitoa, umelipa, hujazawadia. Yesu mwenyewe anasema katika Injili ya Yohane kwamba hakuna anayemnyang'anya uhai wake, bali anautoa mwenyewe. Msalaba usingekuwa upendo kama ungekuwa unyang'anyi. Na kumwona kijana asiye na ajira kuwa "mwenye nafasi" ni kumhesabu kama ghala la vipuri. Mwili wa asiye na kazi ni hekalu la Roho Mtakatifu sawasawa na wa meneja.

Lakini ngoja, tusikimbilie kupumua. Uhuru haukutolewa ili tupate mlango wa nyuma. Ukishasema "silazimishwi," swali halijaisha, ndiyo kwanza limeanza: sasa kwa kuwa silazimishwi, nitafanya nini? Sheria ikikaa pembeni, unabaki wewe, Mungu, na baba mkubwa anayehesabu siku za mashine. Kwa kweli, hapo ni pagumu kuliko pale kwenye kikao.

Mimi nimeomba kupimwa. Hakuna aliyenituma. Nimesali, nimeongea na paroko, nimeuliza madaktari kila ninachokiogopa. Majibu bado, na naambiwa naweza kubadili mawazo mpaka dakika ya mwisho kabla ya upasuaji. Uhuru huo unanipa amani. Na binamu ndiye atakayenisindikiza Dar.

Kijana mwenzangu, pengine hutaulizwa kamwe kuhusu figo. Lakini kama umefikisha miaka 18 na una afya njema, unaweza kuchangia damu, na mwili wako utairudisha. Anza hapo. Na kama kwenu yupo aliyesema hapana, mwitikie salamu yake vizuri.

Bwana atujalie mioyo ya kutoa bila kusukumwa. Amina.