Udongo Ulio Mwema ni Upi?

Twauliza neno linaloonekana kuwa jepesi: Udongo ulio mwema ni upi? Mkulima atajibu upesi kwamba ni ule mweusi, mzito, ulioshiba samadi. Sisi nasi tulijibu hivyo miaka mingi, hata ua moja dogo likatufundisha vingine.

Ua hilo ndilo ambalo Wajerumani huliita urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga katika siku za utawala wa Wajerumani, aliliona katika misitu ya nchi ile, akampelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya jamaa ile. Mwaka 2015 wataalamu walilitia katika jamii ya Streptocarpus, lakini wapenzi wa maua wangali wakiliita kwa jina la kwanza. Leo hupandwa katika vyungu madirishani mwa nchi nyingi, hata kwa watu wasioijua njia ya kwenda Usambara.

Lakini kwao hasa ni mwambani. Hukaa katika kivuli cha miti mikubwa, penye hewa ya unyevu, likishika nyufa za mawe kwa mizizi myembamba isiyokwenda chini sana. Chakula chake ni majani makavu yaliyooza, yaliyokusanyika kidogo kidogo kati ya mawe na kuvumwani. Mvua ikinyesha, maji hupita, hayatuami.

Sisi tulipopewa mche mmoja, tulifurahi sana, tukataka kuutendea mema. Tukachukua chungu kikubwa, tukakijaza udongo mweusi wa mgombani, tukaongeza samadi ya ng'ombe, tukamwagilia asubuhi na jioni. Majani yakalegea. Tukadhani lina kiu, tukazidisha maji. Katika juma la tatu shina lilikuwa limeoza. Mama mmoja mzee, jirani yetu, alikuja, akautia kidole udongo ule, akasema, “Mchungaji, hukulinyima kitu. Ulilizika.”

Kisha akatuonyesha kazi yake. Huchukua majani yaliyooza ya chini ya miti, akayachekecha. Huyachanganya na nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa, na mchanga wa mtoni ulio mkubwa, na vipande vidogo vya makaa. Udongo huo, ukiukamata mkononi na kuufinya, haushikamani kama wa mfinyanzi, bali huachana tena. Hewa hupita ndani yake. Wataalamu huupima uchachu wa udongo kwa tarakimu, na 7 ndiyo ya katikati. Ua hili hupenda kama 6, yaani uchachu kidogo tu. Chungu nacho kiwe kidogo, upana wake upate theluthi ya upana wa majani yote, maana katika chungu kikubwa unyevu hukaa mahali ambapo mizizi haijafika. Wala hamwagilii mpaka udongo wa juu umekauka. Kwa jani moja alilotukatia, akalipanda kwa kikonyo chake, tulipata mche mpya.

Basi tulipokuwa tukiutunza mche huo, neno jingine lilitujia moyoni, nalo lilitutia haya. Zamani tulimchukua mtoto wa ndugu yetu, mvulana wa miaka 12, akae nyumbani kwetu apate kusoma. Tulimpa chumba, viatu, vitabu, na mafundisho kila jioni hata taa izimwe. Kwao alikuwa amezoea kuchunga mbuzi pamoja na wenzake, na kulala karibu na moto wa bibi yake. Mwezi wa pili akanyamaza. Tukazidisha mafundisho, kama vile tulivyozidisha maji. Mwezi wa tatu akaomba kurudi kwao, nasi tukamwita mtoto asiye na shukrani.

Hapo ndipo swali lilipo. Je, mtu aliyetoa vingi, kwa moyo safi, aweza kuwa amekosa? Wengi husema kwamba kusudi likiwa jema, tendo nalo ni jema. Sisi twaona sivyo. Samadi ile ilikuwa nzuri, na nia yetu ilikuwa njema, na ua lilikufa. Wema hauna budi kupimwa kwa yule anayetendewa, si kwa yule anayetenda peke yake. Anayetoa akipendacho mwenyewe, bila kutazama haja ya mwenzake, amejipendeza nafsi yake kwa mkono wa mwenzake.

Mtu atatuuliza, “Kama kila mmea una udongo wake, je, hakuna jema moja kwa wote? Kila mtu na aachwe afanye apendavyo?” Hasha. Mimea yote yataka maji, mwanga, hewa na chakula. Katika hayo hakuna hitilafu. Hitilafu iko katika kadiri yake. Vivyo hivyo kila mtoto ataka upendo, kweli, maonyo na kazi. Lakini kumpa mmoja kwa kipimo cha mwingine si haki, ingawa vipimo ni sawasawa.

Nasi tunaofundisha tujihadhari na jambo hili pia. Mfano wa mpanzi twaujua sote, na mara nyingi tumeutumia kumnyoshea mwenzetu kidole, tukisema, “Huyu ni penye mawe.” Mfano ule hatukupewa kwa kazi hiyo, tulipewa kila mtu aangalie moyo wake mwenyewe. Mwenye kumtunza mwingine hapaswi kuuliza kwanza, “Ana ubaya gani?” bali, “Nimempanda wapi?”

Tena haitoshi kuchagua udongo mara moja. Udongo ule mwepesi, baada ya miezi mingi, hushikana na kuwa mzito. Majani yaliyooza humalizika. Mbolea na maji huacha chumvi, ikaonekana nyeupe juu ya udongo na ukingoni mwa chungu. Kwa hiyo mama yule hubadili udongo kila mwaka, hata kama ua lingali likichanua. Twalitia jambo hili moyoni. Malezi yaliyomfaa mtoto wa miaka 6 humbana akiwa na 14. Maneno yaliyomfariji mjane siku ya msiba yaweza kumchosha baada ya mwaka. Pendo lisilofanywa upya hushikana kama udongo wa zamani, na mwenye kulitoa hushangaa kuona majani yakigeuka manjano.

Tulipokwisha kuyafikiri hayo tulifunga safari kwenda kumwona kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake. Tulimwomba radhi, tukamwuliza siku zile alitaka nini. Akacheka kidogo, akasema, “Baba mkubwa, nilitaka saa moja tu ya jioni nikacheze na wenzangu. Lakini hamkuniuliza.”

Neno hili tunawaachia ninyi wazazi na walimu. Ua halina kinywa, na imetubidi kuusoma udongo kwa kidole na jani kwa macho. Mtoto ana kinywa. Ni ajabu kwamba tuliinama kila asubuhi kulichungulia ua, na yule aliyeweza kutuambia hatukumwuliza hata mara moja.