Haki ya Mja

Mwaka 2023, katika muda wa siku mbili tu, wakuu wa dola mbili zilizotutawala walisimama Afrika Mashariki kuzungumzia damu iliyomwagwa na watu wao. Tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi. Alisema ana huzuni na majuto makubwa kwa ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru, na kwamba ukatili ule hauna udhuru. Msamaha hakuomba. Kesho yake Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, pamoja na wajukuu wa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Yeye aliomba msamaha waziwazi, akasema anaona aibu. Fidia hakuahidi.

Uingereza, kwa upande wake, ilikwisha kulipa. Tarehe 6 Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa mikononi mwa serikali ya kikoloni. Akasema serikali yake inasikitika. Wazee 5,228 waliodai fidia wangelipwa, na jumla yake, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Mnara wa kumbukumbu ungejengwa Nairobi, na kweli ulizinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Lakini katika hotuba ileile waziri alisisitiza kwamba serikali yake haikubali kubeba dhima ya yale yaliyotendwa na utawala wa kikoloni. Yaani yametendeka, tunasikitika, pesa hizi hapa, ila sisi hatudaiwi.

Mmoja wa waliofungua kesi ile alikuwa Mzee Wambugu wa Nyingi. Alikuwa kambini Hola tarehe 3 Machi 1959, siku askari walipowapiga mahabusu kwa virungu hadi 11 wakafa. Yeye alizimia, akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na maiti. Wakuu wa koloni kwanza walitangaza kwamba watu wale walikufa kwa maji waliyokunywa. Nikiwaza hilo la maji ndipo ninapoona kwa nini fidia peke yake haitoshi. Mzee yule alikuwa anadai pia kwamba aliyempiga aseme alimpiga.

Nilifanya kazi miaka mingi nikiwa katibu wa baraza la kata huko Tanga, na kazi ya kwanza ya baraza ni kusuluhisha. Kuna kesi moja siisahau. Kijana alikata minazi mitatu ya mama mmoja mjane ili apanue shamba lake. Siku ya shauri alikuja amejiandaa, akatoa bahasha, akaiweka mezani kabla hatujamaliza kuandika majina. Mama hakuigusa. Alikuwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, akamwambia, “Mwanangu, hizo ziache kwanza. Niambie umefanya nini.” Kijana akasema, “Mama, kama nimekukosea, naomba unisamehe.” Mama akamtazama. “Unasema kama? Wewe hujui?” Baraza zima likanyamaza. Kijana alichukua muda, akatazama mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alikata minazi ile alfajiri, na alijua ni ya marehemu mumewe, na alichagua saa ile ili asionekane. Hapo ndipo mama alipofungua bahasha, akahesabu, akamrudishia nusu.

Wajumbe wenzangu walishangazwa na ile nusu. Mimi nilishangazwa na jinsi alivyojua mpangilio wa mambo bila kufundishwa na mtu: kwanza kukiri, kisha haki yake iletwe mbele yake, kisha kusamehe au kutosamehe, na hilo ni lake peke yake.

Katika chuo cha Qur'ani tulifundishwa masharti ya toba: kuiacha dhambi, kuijutia, na kuazimia kutoirudia. Hayo ni kati ya mtu na Mola wake. Akiwa amemdhulumu mwenzake linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi, na bila hilo toba haijatimia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alieleza habari za muflisi atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na saumu zake na zaka yake, lakini alimtukana huyu, akampiga yule, akala mali ya mwingine. Mema yake yatagawiwa hao mpaka yaishe. Wakristo nao wanaye Zakayo, ambaye hakuishia kusikitika juu ya mkuyu. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Dola kubwa hulipasua jambo hili vipande vipande, kisha huchagua kipande cha kutoa. Moja hutoa pesa ikaficha ombi, nyingine hutoa ombi ikaficha pesa. Wanasheria wao wanajua vizuri kwa nini: kukiri hufungua mlango wa madai. Zaidi ya Wakenya 40,000 wengine walifungua kesi yao London, na mwaka 2018 mahakama ikaitupilia mbali kwa sababu muda mrefu mno umepita. Mbele ya Mungu sijui dhuluma iliyofutwa kwa kupitwa na muda.

Na waliokufa je? Hata kwa aliyeuawa bila kukusudiwa, Qur'ani imewapa jamaa zake dia, yaani fidia ya damu, na imewaruhusu kuisamehe iwe sadaka. Kwa hiyo wajukuu wana haki ya kudai na haki ya kusamehe, na yeyote anayewaambia kwamba mambo haya ni ya kale anawanyang'anya zote mbili. Lakini sidhani mjukuu anaweza kusamehe kipigo ambacho hakikumpata yeye. Hicho babu atakidai mwenyewe.

Watu wa Songea wameeleza wanachotaka. Wanataka kichwa cha Songea Mbano, mmoja wa mashujaa wale, ambacho inasimuliwa kilipelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa kwake. Steinmeier aliahidi kushirikiana kukitafuta, ingawa alisema hawezi kuhakikisha kitapatikana. Berlin pamekuwa na mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na mwaka huohuo wa 2023 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mojawapo ni la akida wa Mangi Meli, mtawala wa Kichaga aliyenyongwa Moshi mwaka 1900. Fuvu la Meli mwenyewe halijaonekana. Msako huo nataka uendelee kwa gharama ya Ujerumani, na jamaa za marehemu washirikishwe tangu mwanzo, waulizwe wao lini uishe.