Kuizunguka Sayuni kabla ya Hija: Zaburi 48:12–14

Zaburi ya 48, ya wana wa Kora, inawaagiza watu watembee katika Sayuni, waizunguke, wahesabu minara yake na kuzitia ngome zake moyoni, ili wawasimulie watakaozaliwa baadaye. Lakini mstari wa 14 unaiacha minara na kumtaja Mungu, anayewaongoza watu wake milele. Huyo ndiye wa kusimuliwa. Mawe yanahesabiwa kwa ajili yake.

Kwa Mwanglikana wa Mbololo anayejiandaa kuhiji pwani, kusoma historia ni sehemu ya kuzunguka huko, kwa kuwa ukuta haujielezi. Habari zenyewe zinaanzia jirani, ng'ambo ya Voi, kwenye mlima wa Sagalla, ambako mmisionari J. A. Wray wa shirika la misheni la CMS alianza kazi mwaka 1883. Kabla yake kulikuwa na Rabai, kituo cha wamisionari Krapf na Rebmann tangu 1846. Na kabla ya Rabai kuna kaburi la Rosina, mke wa Krapf, aliyefariki Mombasa Julai 1844. Alama ya kwanza ya misheni hii katika ardhi ya Kenya ni kaburi, wala si kanisa. Hujaji asipite hapo haraka.

Mjini Mombasa, Kanisa Kuu la Ukumbusho, lililokamilika mwaka 1905, linamkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Kuba lake linapatana na mji wa misikiti.

Unguja ndiko mawe yanakodai msomaji zaidi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa palepale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wa mawe ya matumbawe, na mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare hiyo, duara la marumaru sakafuni laonyesha mahali ambapo watumwa walichapwa viboko. Asiyesoma ataona sakafu nzuri tu. Aliyesoma atajua kwa nini mkate na divai ya Bwana hutolewa hapo, na atapiga magoti.

Mstari wa 13 unadai pia msikilizaji wa kizazi kijacho. Parishi za Mbololo zisizo na nauli ya kufika Unguja na ziwasomee watoto wa shule ya Jumapili habari za Sagalla, kisha ziwapeleke huko kwanza.