Mwanamke Aliyefungwa kwa Wema

Mume anayempiga mkewe, kila mtu ajua kwamba akosa. Wazee humwita, humhukumu, tena humtoza faini. Lakini je, mume asiyepiga, asiyetukana, asiyelewa, anayemtunza mkewe kama yai, na kwa utunzaji huohuo amharibu akili? Nani atamwita huyo barazani? Swali hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, wasomaji wapenzi, na tutalitazama kwa njia ya hadithi fupi iliyotungwa na mwanamke wa Marekani, Charlotte Perkins Gilman. Ilitokea gazetini huko kwao mwezi wa Januari 1892. Jina lake kwa Kiswahili twaweza kusema ni Karatasi ya Manjano ya Ukutani.

Kwanza tueleze karatasi yenyewe. Wazungu wengi, badala ya kupaka ukuta chokaa, hubandika juu yake karatasi yenye maua ao michoro. Ikichakaa, huchanika na kuning'inia, na chumba chote huonekana kama mtu mwenye ukoma. Sasa hadithi.

Daktari mmoja, jina lake John, ampeleka mkewe katika nyumba kubwa ya mashambani, waliyoipanga kwa miezi mitatu. Mke amezaa karibuni. Tangu hapo analia bila sababu, achoka upesi, hawezi kukaa na mtoto wake. Mume asema si kitu, ni wasiwasi wa neva tu. Kaka ya mke ni daktari vilevile, naye asema neno lilelile. Basi apangiwa dawa: ale, alale, apumzike, asifanye kazi yo yote, na zaidi ya yote asiandike. Yeye mwenyewe aona kwamba kazi kidogo na watu wa kuzungumza nao vingemponya. Lakini ataweza nini mbele ya madaktari wawili, mmoja kaka yake na mmoja mumewe?

Awekwa chumba cha juu. Madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na ukutani ndiyo hiyo karatasi ya manjano, mbaya, iliyochanika. Aomba chumba kingine, hapati. Aomba karatasi ibanduliwe. Mume karibu akubali, kisha akataa, kwa kuwa leo ni karatasi, kesho itakuwa kitanda, keshokutwa madirisha. Aomba kwenda kuwaona jamaa zake. Aambiwa hana nguvu. Aomba waondoke, ajibiwa kwamba zimebaki wiki tatu tu, na tena yeye amekwisha kupata nafuu, ajue asijue, maana mumewe ni daktari naye ndiye anayejua. Yote hayo kwa sauti ya upole, huku akimbeba mikononi na kumwita kama mtu amwitavyo kitoto.

Angalieni jibu lile la mwisho. Mgonjwa asema: sijapona. Mwenye afya amjibu: umepona, mimi najua. Hapo ndipo mtego ulipo. Akilia, ni ugonjwa. Akinyamaza, ni ugonjwa. Akieleza polepole, bila machozi, kwamba dawa haimfai, hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa. Mtu aliyenyang'anywa shamba aweza kwenda mbele ya mwamuzi. Aliyenyang'anywa neno lake aende mbele ya nani, na kwa kinywa gani?

Basi ajifunza kuficha. Huandika kwa siri, na akisikia mtu anakuja aficha daftari. Na kwa kuwa hana kitu cha kutazama ila ukuta, autazama ukuta mchana na usiku, hata aona nyuma ya michoro mwanamke aliyefungwa, anayeitikisa michoro kama mfungwa atikisavyo nondo. Mwisho ajifungia chumbani, atupa ufunguo nje, aibandua karatasi kwa kucha, atambaa sakafuni akisema kwamba yeye ndiye yule wa ukutani, naye ametoka. Mume afungua mlango, aona, aanguka na kuzimia. Mke aendelea kutambaa, akipita juu yake.

Mwandishi hakuyabuni yote. Alizaa binti mwaka wa 1885, akaingia katika huzuni nzito isiyomwacha. Mwaka wa 1887 alikwenda Philadelphia kwa daktari mwenye sifa kubwa, Silas Weir Mitchell, ambaye zamani aliwatibu askari walioumia neva katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861-1865. Dawa yake kwa wanawake ilijulikana kote: kulala kitandani wiki sita hata nane, kutengwa na jamaa, kunyweshwa maziwa mengi, kukandwa mwili na kupitishiwa umeme. Alipomruhusu Gilman kurudi nyumbani, alimwagiza ashike maisha ya nyumbani tu, asizidishe saa mbili za kazi ya akili kwa siku, wala asiguse tena kalamu maisha yake yote. Alitii karibu miezi mitatu, akafika ukingoni kabisa mwa wazimu. Ndipo alipoitupa amri ile na kurudia kazi. Jina la daktari huyo limo hata ndani ya hadithi: mume amtisha mkewe kwamba asipopona upesi atapelekwa kwake. Gilman alimpelekea Mitchell hadithi hiyo. Hakupata jibu.

Labda mtu atasema: basi madaktari wote ni wabaya, tuwakimbie. Sivyo hata kidogo. Huzuni inayowashika akina mama baada ya kuzaa ni ugonjwa kweli, leo wajulikana, watibika, na mama aliyeshikwa nao si mvivu wala hakurogwa. Gilman mwenyewe huzuni ilimrudia mara nyingi, hata alipokuwa na uhuru wake. Wala hatusemi kwamba kuachana ndiyo dawa, ingawa ndoa yake iliishia katika talaka mwaka wa 1894. Twasema hivi tu: ugonjwa uliokuwapo ulilishwa na kunenepeshwa kwa kutosikilizwa.

Na isidhaniwe kwamba ni mambo ya hadithi peke yake. Katika jimbo la Illinois, sheria ya mwaka wa 1851 ilimruhusu mume kumtia mkewe katika nyumba ya wenye wazimu bila kesi ya hadharani. Mwaka wa 1860 mchungaji mmoja, Theophilus Packard, alimtia humo mkewe Elizabeth, mama wa watoto sita, kwa sababu alibishana naye juu ya mafundisho ya dini. Alikaa miaka mitatu. Mwaka wa 1864 kesi yake ilifika hatimaye mbele ya wananchi kumi na wawili. Walipokwisha kuwasikia mashahidi, dakika saba ziliwatosha kutamka kwamba ana akili timamu.

Packard ni rahisi kumhukumu. John ni mgumu zaidi. Seminarini tulifundishwa kwamba ujinga ni wa namna mbili: ule ambao mtu hawezi kuushinda, na ule ambao angeushinda kama angetaka kuuliza. Wa kwanza huondoa kosa. Wa pili hauondoi. John hakujua, kweli. Lakini mwenye kujua alikuwa pale pale nyumbani mwake. Hakuhitaji vitabu vingine. Alihitaji kuuliza, kisha kungoja jibu. Kwa hiyo twasema ana kosa, ingawa alimpenda mkewe, na mapendo yake hatuyaiti uongo. Juu ya Weir Mitchell twasita, kwa maana wako wagonjwa waliomshukuru.

Lakini hatuwezi kuliacha jambo hili bila kutaja neno linalotuumiza sisi Waafrika. Mwaka wa 1908 mwandishi huyuhuyu alichapisha makala juu ya Weusi wa Marekani. Alishauri kwamba wale ambao, kadiri ya maoni yake, hawakuwa wakijiwezea, serikali iwakusanye katika jeshi la kazi, wapende wasipende, iwalishe, iwavishe, iwafundishe, mpaka waonekane wamefaa. Akasema huo si utumwa. Ni kwa faida yao wenyewe. Mwaka ule ule wa 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili ikawa koloni la Ubelgiji, na wazee wetu walikuwa wamekwisha kujua kazi ya shurti ni kitu gani, hata ikipewa majina mazuri.

Tuliisoma makala hiyo baada ya kuipenda hadithi, nayo ikatukosesha raha siku kadhaa. Hadithi twaipenda hata sasa. Ila tukifika pale mume anapomwambia mkewe kwamba yeye ndiye anayejua, twasikia sauti mbili, na moja ni ya mwandishi mwenyewe.