Nguo ya Shujaa ni ya Nani?

Mwaka 2011 watu wazima, wenye kazi na familia zao, walikasirika kweli kweli kwa sababu Superman alivuliwa chupi. Ile nyekundu, anayoivalia juu ya suruali ya bluu. Ukimsimulia mtu habari hii pale stendi ya Mpanda atacheka mpaka akae chini, na ana haki ya kucheka. Lakini akishamaliza kucheka, kuna swali linabaki, na si swali la kitoto: kitu kilichotungwa na mtu mmoja, kikanunuliwa na kampuni, kikapendwa na mamilioni, ni nani mwenye haki ya kukibadilisha? Na anayelalamika kikibadilishwa, anadai nini hasa?

Kwanza mambo yenyewe. Septemba 2011 kampuni ya DC ya Marekani ilifuta hesabu zake na kuanza upya. Majarida 52 ya katuni, yote yakaanzia namba 1. Action Comics, jarida lililomleta Superman duniani mwaka 1938, lilikuwa limefika namba 904. Detective Comics la Batman lilikuwa namba 881. Yote mawili yakarudishwa kwenye moja, na mashujaa wakashonewa nguo mpya. Nia ilikuwa ya kibiashara na wala haikufichwa: msomaji mgeni haingii kwenye hadithi iliyofika namba 904, anaona kama amechelewa harusi. Kwa hiyo mlango ukafunguliwa kwa wageni. Wenyeji, waliokuwa wamekaa humo ndani miaka thelathini, wakajiona wamehamishiwa uani. Wahenga walishaonya kuhusu kuacha mbachao kwa msala upitao. Lakini ni wahenga hao hao waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda, na majarida mapya yaliuza sana mwanzoni. Baadaye kampuni ikarudi nyuma yenyewe. Mwaka 2016 Action Comics ikarejeshewa hesabu yake ya zamani, na Aprili 2018, kwenye toleo la 1000, Superman akarudishiwa chupi yake.

Basi, tuanze na yule anayesema, "Lakini jamani, ni katuni tu." Mtu huyu naomba nimpeleke kwenye mpira. Vodacom ilipokuwa mdhamini wa Ligi Kuu, nembo yake nyekundu ilitakiwa ikae kwenye jezi za timu zote. Yanga wakagoma. Nyekundu ni ya Simba, na mwana Yanga havai nyekundu hata iwe doa dogo kama sarafu. Kampuni kubwa yenye fedha zake ikakubali nembo yake ipakwe nyeusi. Hakuna aliyesema "ni kitambaa tu". Tulielewa wote, hata sisi tusio Yanga, kwamba rangi ile inasema jambo, na kuivaa ni kulisema. Kwa hiyo tusijifanye kwamba hatujui nguo inavyoweza kubeba mambo mazito. Tunajua sana. Tofauti ni kwamba za kwetu tunaziheshimu, za wengine tunazicheka.

Sasa tuingie kwenye swali. Kuna fumbo la zamani ambalo kila mahali lina umbo lake. Mimi nitatumia jembe. Babu ameacha jembe. Baba akabadilisha mpini. Mimi nikabadilisha bati lake lilipokwisha. Je, hili bado ni jembe la babu? Kwa jembe unaweza kujibu upande wowote, maana jembe lipo. Unaweza kulishika, kulipima, kulipeleka shambani, nalo litalima bila kujali jibu lako. Shujaa wa katuni hayuko hivyo. Hakuna Superman aliyekaa mahali fulani ambaye mchoraji anaweza kukosea kumchora. Kila alicho nacho ni kile kilichosimuliwa na kukubaliwa. Akiitwa yule yule baada ya miaka sabini na wachoraji kadhaa, ni kwa sababu anayesimulia na anayesikiliza wamekubaliana kumwita hivyo. Ni makubaliano ambayo hayakuandikwa, lakini yapo: wewe utanisimulia, mimi nitakumbuka, na utakapokuja tena hutanigeuzia.

Hapo ndipo malalamiko ya shabiki yanapopata uzito. Hadai mali. Anadai ahadi.

Lakini mwenye mali yupo, na historia yake haipendezi. Superman alitungwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster. Mwaka 1938 waliuza haki zote kwa dola 130. Kampuni ikatajirika, wao wakazeeka katika dhiki. Mwaka 1975 tu, baada ya kelele nyingi za wachoraji wenzao na magazeti, ndipo walipokubaliwa pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja, na majina yao kurudishwa kwenye kazi yao. Kwa sheria, kampuni haikuwa na kosa: ilinunua, ikapewa risiti. Hata hivyo ukimsimulia mtu yeyote habari hii atatikisa kichwa. Kichwa hicho kinachotikisika kinatuambia kwamba risiti haimalizi maneno yote.

Mimi nalifikiria jambo hili kama mwembe. Mtu ana kiwanja, na kiwanjani mna mwembe wa zamani. Watu wa mtaa wamekaa chini yake miaka yote: vikao vimefanyika pale, posa zimejadiliwa pale, watoto wameangua maembe pale. Mwenye kiwanja akitaka kuukata, ataukata. Hati ni yake. Lakini akija asubuhi na shoka bila kumwambia mtu, sote tutasema amekosa adabu, na hatutakuwa tunadai kiwanja chake. Tutakuwa tunadai kuambiwa. Kivuli si mali ya waliokaa chini yake, ila kimekuwa sehemu ya maisha yao, na hilo linawapa haki ya kusema, ingawa haliwapi haki ya kuamua. Nadhani shabiki yuko hapo. Ana haki ya kusikilizwa. Hana haki ya kutii-wa.

Ila kusikilizwa si kukubaliwa, maana wanaolalamika si wote sawa. Tuchukue malalamiko matatu ya mwaka ule ule mmoja.

La kwanza ni la chupi. Nani alipoteza nini? Mtu alipoteza picha ya utotoni. Ni huzuni ya kweli, lakini ndogo, kama ya kurudi Mpanda ukakuta duka ulilokuwa ukinunua pipi limebomolewa. Unasikitika, unasimulia kidogo, unaendelea na safari.

La pili ni la Miles Morales. Agosti 2011 kampuni nyingine, Marvel, ilimleta kijana mwenye damu ya Kiafrika na ya Puerto Rico avae vazi la Spider-Man, jeusi lenye mistari myekundu, katika mfululizo wake mmoja ambao Peter Parker alikuwa amekufa. Kelele zikawa kubwa. Wapo walioumia kwa kumpoteza Peter wa mfululizo ule, na hao nawaelewa. Lakini katika mfululizo mkuu Peter yule yule aliendelea kuruka ghorofa kwa ghorofa, mzima wa afya. Kwa hiyo wale waliopiga kelele kwa sababu ya rangi ya kijana yule, wakaita jambo hilo kuharibiwa kwa shujaa wao, hawakunyang'anywa kitu. Mezani kulikuwa na sahani yao, imejaa. Kilichowaudhi ni kwamba mtu mwingine amepakuliwa. Lalamiko la namna hiyo linavaa nguo za ahadi, lakini ndani yake ni uchoyo, na pengine ubaguzi.

La tatu ndilo linalonisumbua mpaka leo. Barbara Gordon alikuwa Batgirl. Mwaka 1988, katika kitabu The Killing Joke, Joker alimpiga risasi, akapooza miguu. Angeweza kuishia pale, mwanamke aliyeumizwa ili hadithi ya wanaume isonge. Lakini waandishi Kim Yale na John Ostrander walimchukua, na mwaka 1989 akarudi kwa jina la Oracle: yuko kwenye kiti mwendo, anatumia kompyuta, anajua kila kitu, na mashujaa wenye miguu mizima wanampigia yeye wakikwama. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa hivyo. Kisha 2011 hesabu zikafutwa, na Barbara akasimama. Ikaelezwa kwamba alitibiwa kwenye kliniki moja huko Afrika Kusini. Akavaa tena vazi la popo, akaruka juu ya mapaa.

Wasomaji wengi walifurahi, na mwandishi wake, Gail Simone, hakuandika kwa pupa. Alimwonyesha Barbara akiwa na hofu, akijiuliza kwa nini yeye amepona na wengine hawajapona. Lakini wasomaji wenye ulemavu walilalamika, na lalamiko lao halikuwa la nguo. Hapa msomaji ataniuliza: kwani kupona si jambo jema? Nani asiyetaka kutembea? Swali ni la haki, nami nalijibu hivi. Kama Barbara angekuwa binadamu, tungempongeza na kumchinjia kuku. Lakini Barbara ni hadithi, na hadithi inasema na anayesikiliza. Kwa miaka ishirini ilimwambia binti aliye kwenye kiti mwendo: unaweza kuwa wewe, hivyo ulivyo, na dunia ikakutegemea. Siku moja ikabadilisha neno: mwisho mzuri ni kuacha kuwa kama wewe.

Nafikiria hapa kwetu Shanwe, ambako mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili anavuka barabara kwa kuomba Mungu. Mtoto wa kiti mwendo anasukumwa na wenzake, au anabaki nyumbani. Mtoto huyu hana mashujaa kumi wa kuchagua. Akinyang'anywa mmoja, amenyang'anywa wote. Mwenye chupi nyekundu alikuwa na mashujaa mia moja wanaofanana naye. Hata angempoteza mmoja, asingekosa pa kwenda.

Basi kipimo changu ni hicho. Shabiki akilalamika, usiulize kwanza kama kelele ni kubwa, wala kama jambo ni la kitoto. Uliza: nani amepoteza, amepoteza nini, na kama mabadiliko yatabaki, ana pengine pa kwenda? Kelele za Miles zilikuwa kubwa, na zile za rangi hazikuwa na hasara nyuma yake. Za Barbara zilitoka kwa watu wachache, na hasara yake ilikuwa nzito.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya Marekani. Lakini sisi nasi tuna wahusika wetu. Jarida la Sani limelea kizazi kizima cha Watanzania kwa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Komredi Kipepe. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji wakubwa wa jarida lile, alifariki katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Kazi ikaendelea kwa mikono mingine, akiwemo Chris Katembo, na kila mkono una mstari wake. Wasomaji hawakuandamana. Nadhani ni kwa sababu kilichokuwa kimeahidiwa hakikuwa vazi. Ndumilakuwili ni tabia. Jina lenyewe limeshasema. Mchore mnene au mwembamba, ilimradi ale kuwili. Na huku Mpanda, mwisho wa reli, jarida lilifika limechelewa, limepita mikono kumi, kurasa za mwisho hazipo. Tulisoma toleo la mwezi huu kabla ya la mwaka jana. Shujaa wetu tulimuunga wenyewe kwa vipande, na mtu aliyeunga kwa vipande haogopi kiraka.

Ila liko moja ambalo hata sisi huenda likatutoa povu. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, na hifadhi iliyotangazwa mwaka 1974, vyote vimebeba jina la Katabi, ambaye Wabende wanasimulia kwamba roho yake inakaa kwenye mkwaju kule hifadhini, na watu bado wanaweka sadaka chini ya mti ule. Jina limeshabadilishwa herufi, likawekwa kwenye mabango ya utalii na mihuri ya ofisi. Katabi hana vazi. Hajachorwa. Leo kuna vijana wenye simu wanaochora vizuri sana, na siku si nyingi mmoja atamchora Katabi, mwenye misuli, joho mgongoni, herufi K kifuani. Sitamkataza, hadithi isiyoguswa inakufa. Lakini hapo wenye kuulizwa si mashabiki, wala si mwenye hakimiliki, maana hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Ni wale ambao bado wanakwenda pale chini ya mti na kitu mkononi. Kwao Katabi si hadithi ya kujipumzisha, na wakimpoteza hawana toleo la namba 1 la kurudia.

Kijana, kabla hujashika kalamu, nenda kawaulize kwanza. Wakikupa ruhusa, mchore unavyotaka. Hata chupi nyekundu mvalishe, kama watakubali.