Ramadhani 14: Ulimi ndani ya tundu



Umewahi kumwangalia seremala akiunga fremu ya mlango kwa mkono? Anachora ulimi, unene wake kama theluthi ya ubao. Tundu analichimba kwa patasi, nusu upande huu, nusu upande ule, ubao usipasuke. Ulimi anaupunguza kidogo kidogo mpaka uingie kwa kugongwa taratibu. Ukiingia wenyewe tu, hapo kaharibu.

Njia ya mkato ipo, mafundi mnaijua: gundi na vumbi la mbao, unaziba, unapiga vanishi. Mteja haoni kitu. Mlango unakuja kulegea baadaye.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala. Nabii mzima, na kazi ya mbao!

Swaumu nayo imejificha vivyo hivyo. Saa nane mchana, uko peke yako, maji ya baridi haya hapa. Nani anakuona? Na hunywi, mashaallah. Sasa mbona kitanda cha mtu, ambacho advansi yake umeshaipokea, unakiziba vumbi? Leo baada ya Adhuhuri kifungue kile kiungo cha jana, ukate ulimi mwingine.